Shujaa Asiyekufa ni Guni

Malenga wenzangu, nina deni la jibu, na deni lenyewe ni la mwaka 2005. Tulikuwa katika kikao cha washairi, Dar es Salaam. Tungo zilikuwa zimekwisha kusomwa, kahawa ilikuwa ikizunguka, nami nikaomba ruhusa ya kuondoka mapema kwa kuwa nilikuwa na tiketi ya sinema. Nikaulizwa ni filamu gani. Nikasema ni ya Batman. Mzee mmoja, ambaye ujuzi wake wa arudhi sikuweza kuukaribia wakati ule wala siukaribii leo, akaweka kikombe chini. Akasema kuwa mtu mzima anayelipa fedha ili akatazame watu waliovaa chupi juu ya suruali, majini ya kuchorwa na wafu wanaokula watu, asije akalalamika kwamba vijana hawasomi ushairi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwani mzee akikutania, adabu ni kucheka.

Saa mbili baadaye, nikiwa nimeketi kizani, nikasikia adui wa Batman akitajwa kwa jina. Aliitwa Ra's al Ghul.

Nilishtuka, maana jina lile nilikuwa nimelisoma juu ya jalada la kitabu ambacho hakikuwa cha katuni. Kilikuwa kitabu cha tenzi: Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliotungwa katika pwani yetu karne ya 19 na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, wenye beti zaidi ya elfu nne. Humo Rasi 'lGhuli ni mfalme dhalimu wa Yemen, na Sayyidina Ali ni miongoni mwa wanaokwenda kupambana naye. Wachora katuni wa Marekani walilitwaa jina hilo mwaka 1971 wakamvika adui wa shujaa wao. Kwa Kiarabu maana yake ni kichwa cha zimwi. Mshairi wetu alikuwa amekwisha kulitia katika mizani kabla sinema yenyewe haijazaliwa.

Basi jambo ambalo mzee alinikanya nilikimbie lilikuwa juu ya rafu yake mwenyewe, na huenda alikuwa akilisoma kwa sauti kila Ramadhani. Hilo ndilo nililotaka kumjibu. Lakini kadiri nilivyolitafakari, ndivyo nilivyoona kuwa nina ugomvi na pande mbili: wanaozidharau filamu za ajabu, za kutisha na za mashujaa wa katuni, na wanaozitukuza. Nitaanza na wenye dharau, kwa kuwa ni wakubwa zangu.

Ikiwa kosa la filamu hizi ni kusimulia yasiyowezekana, basi na tusafishe nyumba yetu kwanza. Tumtoe Fumo Liyongo, ambaye silaha zote hazimdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Tuutoe Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, pamoja na mapigano yake ambayo hakuna jeshi la dunia hii lingeyaweza. Tumtoe Shaaban Robert mwenyewe! Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Adili, mtu mwema kama lilivyo jina lake, kila usiku huwachapa manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa. Tukishamaliza hapo, tuingie kwa Kezilahabi tukazichukue Nagona na Mzingile. Kisha twende kwa mabibi zetu tukawazibe vinywa kabla hawajasema paukwa. Ni nani atakayebaki?

Hakuna anayethubutu kuviita vitabu hivyo upuuzi wa watoto. Kwa hiyo dharau haielekezwi kwenye ajabu. Inaelekezwa kwenye ugeni wa filamu zenyewe na ujana wa watazamaji wake. Zimetoka ng'ambo, zina kelele, huliwa pamoja na bisi, na wanaozipenda ni wale wale vijana ambao hawaji vikaoni mwetu. Hizo ni sababu za kununa tu, hazitoshi kuwa uhakiki. Mhakiki angeuliza swali jingine: je, ajabu hii imetungwa vyema au vibaya? Swali hilo hatukuwahi kuliuliza, na kwa kutoliuliza tumewaachia vijana wetu wazione filamu hizi bila kipimo, ilhali kipimo tulikuwa nacho.

Sasa ninyi vijana mnaovaa fulana zenye nembo za mashujaa hao, msinipigie makofi mapema. Zamu yenu imefika.

Habari za Liyongo nilisimuliwa na bibi yangu, Tanga, kabla sijajua kuwa ziliwahi kuandikwa. Alisimulia usiku, nasi tumejibanza mkekani, na kila alipofika kisimani nilimkatiza. Mnaijua sehemu hiyo. Mwana amekwisha kumchoma baba yake usingizini kwa sindano ya shaba, kwa kuwa mfalme amemwahidi kumwoza binti yake. Liyongo ameamka na jeraha lake, ametwaa uta, amekwenda akapiga goti karibu na kisima, mshale u tayari. Amekufa vivyo hivyo, amepiga goti. Watu wa mji hawajui. Wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai na ana hasira, na siku zinapita hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji.

Nilikuwa nikimwambia, "Bibi, si ainuke tu awapige?" Naye hunijibu, "Ainuke vipi? Kafa, mwanangu." Nilijaribu usiku baada ya usiku. Nilimwambia labda sindano haikuingia yote. Nilimwambia labda mama yake Liyongo alikuwa na dawa. Bibi hakulegea hata mara moja. Alisema mama alikuwa na sauti yake tu, akaenda akamwimbia mwanawe ashushe ghadhabu, naye mwana hakuwa na masikio tena ya kusikia. Nililala nikilia, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kuomba hadithi ile ile.

Leo naelewa alichokuwa akikilinda. Kama angenikubalia usiku mmoja tu, Liyongo angepona usiku huo na hadithi ingekufa.

Sisi washairi tunalo neno la utungo uliokosa kutimiza arudhi zake. Tunauita guni. Mtu hawezi kujisifu kwamba anatunga tarbia yenye mizani kumi na sita, kisha katika mshororo unaomshinda akatia kumi na tisa, akasema sanaa ni uhuru. Kwani nani alimlazimisha achague kumi na sita? Ajabu nayo ina arudhi yake. Msimulizi anaweka sharti kwa hiari yake: huyu hadhuriki, ila kwa shaba, ila kitovuni. Akishaliweka, limemfunga yeye mwenyewe kabla ya kumfunga shujaa. Thamani yote ya ajabu imo katika sharti hilo. Wanaotunga mashairi huru wasidhani nawasema kando. Tangu Kichomi ya mwaka 1974 tumegombana vya kutosha juu ya vina, wala sina haja ya kuuchochea moto huo. Nasema kuhusu sharti la ndani, lile ambalo hata shairi huru likilivunja linaanguka.

Sasa tuzitazame filamu za mashujaa wa katuni kwa kipimo hicho.

Superman ya mwaka 1978 niliiona nikiwa kijana katika kibanda cha video, mfasiri wa mdomoni akitutafsiria kila neno na mengine ya kwake. Lois Lane anafukiwa na ardhi ndani ya gari wakati wa tetemeko. Amekufa. Superman anamtoa, anamlaza, analia kilio cha mtu aliyechelewa. Kibanda kizima kimya. Kisha shujaa anaruka, anaizunguka dunia kwa kasi mpaka wakati unarudi nyuma, na Lois yuko ndani ya gari lake akilalamika kuhusu gari. Mfasiri wetu, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Jamani, hapa imekuwa rahisi." Sijasoma uhakiki wa filamu hiyo uliosema zaidi ya hayo.

Ukiweza kurudisha wakati nyuma mara moja, kwa nini usiurudishe kila mara? Hilo ndilo tundu lililotobolewa siku ile, na tangu hapo maji hayajakoma kuingia. Mwaka 1992 wachapishaji walimuua Superman katika katuni, magazeti ya dunia yakaandika. Mwaka uliofuata akarudi. Ra's al Ghul niliyemtaja, huko kwenye katuni ana kidimbwi: akifa au akizeeka anatumbukizwa humo, anatoka mzima. Hebu fikirini Mgeni bin Faqihi angempa mfalme wake kidimbwi kama hicho. Baada ya beti ngapi tungeanza kusinzia?

Mwaka 2018 nilikwenda kutazama Avengers: Infinity War pamoja na mpwa wangu, wakati huo ana miaka tisa. Mwishoni Thanos anavialisha vidole viwili, na nusu ya viumbe hai wote wanageuka vumbi. Spider-Man, mtoto wa watu, anageuka vumbi akiomba asiende. Ukumbini watu wazima walikuwa wakifuta machozi. Mpwa wangu alikuwa akimalizia bisi zake. Tulipotoka nikamwuliza kama hakuhuzunika. Akaniambia kwa upole, kama anayemfariji mzee, "Mjomba, huyo ana filamu nyingine inakuja." Alikuwa sahihi. Aliyegeuka vumbi mwezi wa Aprili 2018 alikuwa na filamu yake mwenyewe mwezi wa Julai 2019, na katikati ya hapo nusu yote ya ulimwengu ilikuwa imekwisha kurudishwa katika Endgame.

Jibu la mtoto yule limenisumbua kuliko kejeli ya mzee. Mimi nikiwa na umri kama wake nililia kwa ajili ya mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita, na bibi yangu hakuwa na kitu ila sauti. Yeye alioneshwa kufa kwa nusu ya viumbe vyote, kwa kazi ya mamia ya mafundi na mamilioni ya dola, naye akala bisi. Moyo wake si mgumu; namjua. Amefundishwa tu kwamba hasara haipo.

Mtaniambia kuwa katika Endgame Tony Stark alikufa na hakurudi. Ni kweli, na ndiyo maana watu waliikumbuka filamu hiyo. Lakini mwezi wa Julai 2024 wenye filamu walimpandisha jukwaani mwigizaji yule yule, wakatangaza kuwa anarudi na jina jingine. Mtaniambia habari za Logan ya mwaka 2017, ambamo Wolverine, mtu asiyedhurika, anazeeka, majeraha yake hayaponi, anakufa akizikwa na mtoto. Naikubali. Ni filamu ambayo bibi yangu angeielewa bila mfasiri. Nanyi mwajua kilichofuata: mwaka 2024 filamu nyingine ilianza kwa kulifukua kaburi lile lile na kuichezea mifupa yake kama silaha, watu wakicheka. Imeingiza zaidi ya dola bilioni moja. Kisingizio ni ulimwengu sambamba: huyu aliyekufa ni wa dunia hii, tunamchukua mwenzake wa dunia ya jirani. Kwa lugha yetu, huyo ni mtunzi aliyekwama kwenye mshororo wa nne akaazima kina cha shairi la jirani.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni zito. Je, si Gandalf naye alikufa akarudi, katika The Lord of the Rings? Je, katika ngano zetu, zimwi likipasuliwa tumbo, si watu waliomezwa hutoka wazima? Je, mimi mwenyewe siamini ufufuo? Naam, yote ni kweli. Sikusema kwamba marehemu asirudi kamwe. Nasema kurudi kwake kuwe na sharti na gharama, na kusifute yaliyopita. Tazameni jinsi hadithi ya Gandalf inavyokwisha. Frodo, yule mdogo aliyebeba pete mpaka kwenye moto, anapofika ukingoni anashindwa, anaitamani, anaivaa. Inaangamia kwa sababu Gollum anamng'ata kidole akakinyofoa, akaanguka nacho. Frodo anarudi nyumbani, kijiji kinakunywa na kucheka, na yeye hawezi. Jeraha lake haliponi. Mwishowe anapanda jahazi kuondoka katika nchi aliyoiokoa. The Return of the King ilipewa Oscar 11, na nadhani haikuzipewa kwa sababu ya majitu na tembo wake. Ilipewa kwa kuwa ushindi wake ulikuwa na kovu.

Hata wenye filamu za mashujaa waliwahi kulazimishwa kusema kweli. Chadwick Boseman, aliyekuwa Mfalme T'Challa katika Black Panther ya mwaka 2018, alifariki kwa saratani mwezi wa Agosti 2020. Wangeweza kuleta mwigizaji mwingine. Wangeweza kukopa T'Challa wa dunia ya jirani. Ryan Coogler na wenzake hawakufanya hivyo. Filamu ya pili, ya mwaka 2022, inaanza na Shuri akihangaika katika maabara yenye kila kitu ambacho elimu inaweza kutoa, akitafuta dawa ya kaka yake, na anashindwa. Mama yake anaingia kumpa habari. Kisha watu wa Wakanda wanavaa nyeupe na kumzika mfalme wao. Filamu ile ina kasoro zake, imerefuka kupita kiasi, lakini katika dakika zile za mwanzo ukumbi nilimokuwa haukuwa na mlio wa bisi. Kwa mara moja, shujaa alikuwa amekufa.

Zimebaki filamu za kutisha. Hizo ndizo zinazolaaniwa kuliko zote, nami ndizo ninazozitetea kuliko zote, kwa sababu ndizo zilizoshika sharti. Filamu ya kutisha haiwezi kuishi bila hofu, na hofu haiwezi kuishi mahali ambapo hakuna cha kupotea.

Chukueni sharti la mnyonya damu. Tangu Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, haingii nyumbani kwa mtu mara ya kwanza mpaka akaribishwe. Mwandishi alikuwa Mwairishi, lakini ni nani atakayelielewa sharti hilo kuliko sisi? Sisi ndio wenye hodi na karibu. Tunajua kuwa mlango haulindwi na komeo peke yake. Hulindwa na neno. Katika filamu ya Uswidi ya mwaka 2008, Let the Right One In, mtoto mnyonya damu anasimama mlangoni kwa rafiki yake, naye rafiki kwa utundu anakataa kumkaribisha, anataka kuona itakuwaje. Mtoto anaingia bila kukaribishwa. Hakuna radi wala muziki mkubwa. Anatetemeka, kisha damu inaanza kumtoka machoni, masikioni, ngozini, mpaka rafiki anapiga kelele kumkaribisha. Sharti limevunjwa, na gharama imelipwa mbele ya macho yetu. Mwaka 2025 Coogler aliliweka sharti hilo hilo mlangoni mwa ukumbi wa ngoma huko Mississippi ya mwaka 1932, na kwa muda mrefu hofu yote ya Sinners inaning'inia kwenye neno moja ambalo walio ndani hawapaswi kulitamka.

Chukueni pia wafu wanaotembea. Sisi tunao misukule: mtu anayedhaniwa kafa, kumbe amechukuliwa na mchawi akamlimie usiku bila ujira wala ulimi. Msukule wetu ni ndugu wa zombi wa Haiti, nchi ya watu waliotoka utumwani, ambao waliona kuwa jambo baya kuliko kufa ni kufanyizwa kazi hata baada ya kufa. George Romero, mwaka 1968, katika Night of the Living Dead, aliwageuza kuwa wala nyama. Lakini kinachotisha zaidi katika filamu ile ni mwisho wake. Ben, mtu mweusi ambaye peke yake ameuvuka usiku akiwa hai, anachungulia dirishani asubuhi. Kundi la waokoaji wenye bunduki linamwona, linamdhania mfu, linampiga risasi. Mwili wake unaburutwa kwa kulabu na kutiwa motoni. Hakufufuliwa katika filamu ya pili. Miaka mingi imepita, na bado tunabishana naye, tunamlilia, tunamkumbuka.

Na hadithi ya kutisha, ikitungwa vyema, ina elimu. Katika ngano ya Nunda mla watu, iliyochapishwa katika mkusanyiko wa Edward Steere mwaka 1870, paka wa sultani anakula ndama. Sultani anasema paka ni wangu, na ndama ni wangu. Anakula mbuzi, ng'ombe, punda. Jibu ni lile lile. Anaanza kula watu; jibu ni lile lile. Siku anapokula wana wa sultani mwenyewe, ndipo sultani anapotambua kuwa huyo si paka tena. Nioneshe hotuba ya siasa inayosema hayo kwa ufupi kama huo.

Lakini siwezi kutetea filamu za kutisha bila kulaani baadhi yake, na hapa nasema kuhusu zetu. Mara ngapi tumeoneshwa filamu ambamo uovu wote umewekwa juu ya kikongwe mmoja, mjane, maskini, mwenye macho mekundu, anayeishi ukingoni mwa kijiji? Muziki unapigwa, mwanamke anageuza uso, nasi tunaambiwa tuogope. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo ni kazi ya miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Mtunzi anayelirudia jambo hilo ili kutisha watu kwa saa moja na nusu hajatunga hofu. Ametunga mashtaka, na gharama inalipwa na mwanamke ambaye hakuwahi kuiona filamu yenyewe. Ben alipigwa risasi na watu waliodhani wanamjua zimwi kwa kumtazama. Filamu ya Romero iko upande wa Ben. Nyingi za kwetu ziko upande wa wenye bunduki.

Malenga wenzangu, haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa sisi ndio wenye hazina na tumeifungia. Zimwi, nunda, jini, kinyamkela, msukule, mzuka: kila neno hapo lina sharti lake, lina mahali pake pa kutokea na njia yake ya kukingwa, na watoto wetu wanayapoteza huku wakiyajua majina ya mashujaa wote wa Marekani kwa mpangilio. Hatutawarudisha kwa kejeli za vikaoni. Tutawarudisha tukitunga. Lakini tukitunga, tusiige kosa. Nimesoma tenzi mpya za mashujaa ambamo kila beti lina vina safi, na mbabe anashinda katika kila beti, wala hakuna sindano ya shaba popote. Mizani imetimia, na bado ni guni.

Ubeti huu ni wangu. Mwenye wake na aulete:

Shujaa asiyekufa, kumhofia kwa nini,
Kila siku ana sifa, kila siku yu vitani,
Hayamfiki maafa, wala chozi la huzuni,
Liyongo ingawa kafa, twamwogopa kisimani.

Mzee wa kikao kile alifariki kabla sijamjibu. Nilikuwa nikisema nitakwenda kwake na kile kitabu cha Rasi 'lGhuli, nikiweke mezani, nimwombe anisomee sehemu moja, kisha nimwalike sinema kwa gharama zangu. Huenda angenishinda kwa hoja. Alikuwa na kawaida hiyo. Niliahirisha mwaka baada ya mwaka, mpaka nikapelekewa habari ya msiba. Ninalolijibu leo ni swali lake, na mwenyewe hayupo. Basi atakayeshika zamu yake na anipinge. Nangoja.